Funguo za Waliokwenda Kusini

Katika nyumba tisa zilizofungwa, ndani ya makabati ya nguo, taa zilikuwa zikiwaka usiku na mchana. Hakukuwa na mtu wa kumulikiwa. Zilimulika viatu vya ngozi, masuti, mikanda, na gauni moja la dansi la mke wa mhasibu, kwa sababu Madang, mji wetu wa pwani ya joto, Desemba ikishaingia na mvua zake, kiatu ukikiacha gizani siku tatu kinaota ukungu wa kijani. Balbu moja ndogo hukausha hewa ya kabati zima. Kila mtu alilijua hilo, na kila aliyeondoka kwenda likizo alimkabidhi Mama ufunguo na kumwambia, "Noreen, tafadhali, taa isizimike."

Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Jioni, jua likikaribia kuzama, mimi na Mama tulizunguka nyumba kwa nyumba. Tulifungua mlango, tukaangalia kabati, tukavuta maji ya choo ili mbu wasizaliane mle, tukawasha taa ya barazani ili wezi wadhani wenyewe wapo, kisha tukafunga na kwenda ya pili. Asubuhi tulirudia safari ile ile kuzima taa za baraza. Funguo zilikaa jikoni kwetu, kila moja kwenye msumari wake, chini ya namba aliyoiandika Mama kwa kalamu nyekundu.

Mtaa wa kampuni ya mbao ulikuwa na nyumba kumi, zote zimesimama juu ya nguzo, zote rangi moja, kila moja na tangi lake la maji ya mvua. Kampuni iliwapeleka watu wake likizo kusini mara moja kila miaka miwili. Kusini ndiyo Australia, ng'ambo ya bahari. Hakuna aliyehangaika kuitaja kwa jina. Mwaka ule wa sabini na tisa zamu zilituangukia vibaya. Nyumba tisa zilikwenda, tukabaki sisi.

Nasema sisi, lakini Baba hakuwapo. Alby Tranter, baba yangu, alikuwa msimamizi wa kambi ya magogo huko juu mtoni, na alishuka kwetu Jumamosi moja katika mbili, kama mto haujafurika. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, maana watu wakisikia habari hii huanza kumtafuta mbaya, na wakimkosa hunitazama mimi. Alipenda kazi yake, alitupenda sisi, na hakuona kwa nini mapenzi hayo mawili yagombane.

Kabla hajaolewa, Mama alifanya kazi ya kuunganisha simu katika posta ya Ballarat, huko kusini, wasichana kumi na wanne chumba kimoja, na wote walikuwa wasemaji. Madang alikuwa na mimi, na Scholastika aliyekuja kutufulia, na wake wa mtaa. Wake wa mtaa walipokwenda zao, nikaanza kusikia anaacha sentensi katikati. Alisema, "Jos, nenda kanichukulie ile..." kisha akasimama akitazama mvua, na mimi nikasubiri pale mlangoni nisijue nichukue nini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi sikuwa nimewasikia wahenga wakati ule, ila mshindo niliusikia unakuja.

Wa mwisho kuondoka alikuwa Thelma Kerslake wa namba saba, mwanamke mnene mcheshi ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na kifuniko.

"Shoga," alimwambia Mama, "mimi nakwenda kukaguliwa na mama mkwe wiki sita. Wewe unabaki na bahari yote hii peke yako. Nani mwenye bahati hapo?"

"Wewe," Mama akasema.

Thelma alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliuweka ufunguo katika kiganja cha Mama na kukifumba kwa mikono yake miwili. "Nyumba ni yako. Humo ndani fanya unachotaka, na mimi sijui kitu." Nilidhani anazungumzia friji lake, lililokuwa kubwa kuliko letu.

Baada ya hapo Mama alikuwa akienda namba saba peke yake alasiri, mimi nikilazwa kwa sababu ya joto. Alirudi na macho mekundu. Nikimuuliza anasema ni vumbi, na mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumapili.

Alhamisi kabla ya Krismasi, kichwa kilimshika akashindwa kuinuka. Alisema nyumba nyingine zisubiri hadi kesho. Mimi nilitaka kumfurahisha. Nilizitungua funguo zote nikaenda kuifanya zamu peke yangu, na ilikwenda vizuri hadi nilipofungua kabati la Thelma.

Chini ya taa, kati ya viatu vya bwana Kerslake, palikuwa na sanduku la Mama la kahawia, lile alilokuja nalo Madang akiwa bibi harusi. Lilikuwa limefungwa kwa mkanda. Nilijaribu kulinyanyua likanishinda. Juu yake pamewekwa viatu vyake vyeusi vya visigino, vimepigwa rangi vinang'aa. Madang tulikanyaga ndara. Viatu vile ni vya barabara za lami na mitaa yenye maduka. Sanduku moja, jozi moja ya viatu. Hesabu ile hata mtoto wa miaka kumi aliiweza. Ndege ya mwisho kabla ya mwaka mpya ilikuwa ya Jumamosi saa sita, na Baba, kwa ajili ya Krismasi, angeshuka Jumatatu. Mama yangu alikuwa anatoroka, na mimi nilikuwa miongoni mwa vitu anavyoviacha.

Sikulia. Nilifunga kabati, nikafunga mlango, nikashuka ngazi, nikapanda juu ya pipa kando ya tangi la Thelma. Nilisukuma kifuniko na kuuachia ufunguo. Tangi lilikuwa limejaa kwa mvua za wiki tatu, na nilisikia mlio mdogo tu. Kisha nikaenda kumaliza namba nane na namba tisa, nikawasha taa zao za baraza, kwa sababu kazi ni kazi. Ijumaa kichwa kilikuwa bado hakijamwachia Mama, zamu nikaifanya mimi tena, na namba saba nikaipita.

Jumamosi Mama aliamka mapema. Aliniosha nywele kwa sabuni yake mwenyewe, ile yenye harufu ya mawaridi, akanikatia kucha.

"Vaa viatu, mwanangu," akasema.

"Jumamosi?"

"Vaa tu."

Nikadhani ananisafisha ili anikabidhi vizuri kwa Scholastika. Nilivaa. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea uwazi na viatu vikaniuma.

Kisha nikamsikia jikoni. Alikaa huko muda mrefu kuliko kawaida, na aliponiita sauti yake ilikuwa ya chini.

"Jos. Ufunguo wa namba saba hauko msumarini."

"Labda umeanguka."

"Nimetazama chini. Umeuona?"

"Hapana, Mama."

"Una hakika?"

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo linaniuma zaidi ya yote. "Labda Scholastika kauchukua," nikasema.

Scholastika alikuwa nje kwenye beseni, karibu kabisa na dirisha. Alisikia. "Niuchukue wa nini, mtoto?" akasema bila kuacha kufua. "Nyumba ile ina viatu vya mzee mwenye magaga. Mimi nina mume wangu nyumbani, ana magaga yake."

Mama hakucheka. Alinitazama hadi nikainamisha macho, kisha akatoka. Nilimfuata hadi ngazi ya mwisho ya nyumba yetu. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la chumba cha Thelma, upande wa baraza. Madirisha yetu yalikuwa ya vipande virefu vya kioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na hakuna mtoto wa mtaa ule asiyejua kuvichomoa. Vinne vikitoka, mtu mzima anapita.

Mama alichomoa kimoja. Alikishika kifuani kwa mikono miwili, akageuka, akaniona nimesimama pale na nywele mbichi. Tulitazamana. Kati yetu kulikuwa na uwanja wa nyasi ambao ningeuvuka kwa kukimbia nikahesabu kumi tu. Mdomo wake ulifunguka na nikajua ananiuliza kitu, ila hakukitamka. Nami nilikaza uso, nikaufanya mgumu kadiri nilivyoweza, ili ajue kwamba najua.

Akakirudisha kioo mahali pake. Alikisukuma taratibu hadi kikakaa sawasawa.

Saa nne gari la misheni, lililokuwa likipeleka abiria uwanja wa ndege, lilisimama getini likapiga honi. Mama alikwenda, akainama dirishani, akazungumza na padri maneno mawili matatu. Gari likaondoka. Saa sita na robo ndege ilipita juu yetu, na Scholastika, aliyekuwa anaanika, akaifuata kwa macho hadi ilipomezwa na mawingu.

"Hiyo ndiyo ya mwisho," akasema. "Mpaka mwaka mpya sasa, Misisi, ni sisi na popo."

"Ni sisi na popo," Mama akaitikia, akachukua shuka moja na kumsaidia kuianika.

Baba alishuka Jumatatu, matope hadi magotini, amebeba tawi la mvinje kuwa mti wetu wa Krismasi. Tulilisimamisha ndani ya ndoo tukalifunga karatasi za rangi. Siku yenyewe tulikula nyama ya nguruwe ya kopo na keki ya matunda aliyoituma bibi, na Baba akalegeza mkanda na kusema hakuna nyumba yenye raha kama hii pwani nzima. "Kuleni kabla haijapoa," Mama akasema. Nilikuwa nimeshinda. Mama yangu yupo, anakata keki, na mimi sijapata kuwa mpweke vile tangu nizaliwe, kwa kuwa ushindi wangu haukuwa na mtu wa kumwambia.

Januari Thelma alirudi na ufunguo wake wa akiba. Balbu ya kabati ilikuwa imeungua na viatu vya mumewe vimeota nywele za kijani. Nilimwona kutoka dirishani akileta sanduku la kahawia kwenye mlango wetu wa nyuma. Alimkabidhi Mama, akamshika bega, akaondoka bila neno, na kwa Thelma ule ulikuwa muujiza.

Wazazi wangu waliishi pamoja miaka thelathini na mmoja mingine. Hawakugombana. Mama alimuuguza Baba hadi siku ya mwisho, na kaburini hakuangua kilio, alikunja tu kitambaa chake mara nne na kukirudisha mkobani. Kila Desemba nilijiambia mwaka huu nitamwambia, na kila Desemba ikanipita. Nilikuwa na hofu moja tu: kwamba atasema ndiyo, mwanangu, nilitaka kukuacha.

Mwaka jana, Mama akiwa na miaka themanini na minne katika nyumba ya wazee Ballarat, tuliketi barazani tukimenya pichi. Ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi na wauguzi walikuwa ndani wanapachika nyota za karatasi.

"Mama," nikasema. "Ule ufunguo wa Thelma. Niliutupa mimi. Tangini."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu asubuhi ile. Ulimsingizia Scholastika." Kisu chake hakikusimama. "Hukuwa mtoto wa kusingizia watu."

"Mbona basi hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Mtoto amemchagua baba yake. Ningekuburuta hadi uwanja wa ndege unalia?"

Sikuelewa. "Uniburute mimi?"

Aliweka kisu chini, akanitazama, na nikaona kwamba yeye naye alikuwa hajaelewa.

"Jos," akasema. "Nilikata tiketi mbili."

Ndani mtu aliangusha ngazi na wenzake wakamcheka. Nilijaribu kusema mambo kadhaa. Lililotoka ni la mtoto wa miaka kumi.

"Kulikuwa na viatu vyako tu."

"Vyako ulikuwa umevivaa. Nilikwambia uvae." Sauti yake ilipanda kidogo. "Nilikuosha nywele. Nani anamwosha mtoto nywele ili amwache?"

"Nilidhani unanikabidhi."

"Ulinitazama kama hakimu. Mimi nikaona, basi, kama mtoto mwenyewe hataki."

"Ungeniuliza, Mama."

"Na wewe ungeniuliza."

Alichukua pichi nyingine, akaigeuza mkononi bila kuimenya. Nilitaka kumshika mkono nikaona aibu, kwa sababu wangu ulikuwa umelowa maji ya matunda. Kisha nikamshika hivyo hivyo.

"Kulikuwa na gauni pia mle sandukuni," akasema baadaye. "La njano. Nilikushonea la safari, kwa cherehani ya Thelma, alasiri ukilala. Mikono yake ilinisumbua, nikaifumua mara tatu."

"Sikuliona hata siku moja. Liliishia wapi?"

"Ningekupaje, baba yako akiuliza limetoka wapi? Nilimpa Scholastika, ampe binti yake. Alilivaa kanisani hadi likambana." Akaanza kumenya, polepole, ganda likishuka refu bila kukatika. "Wewe mwenyewe ulikuwa ukilisifu."