Asilimia Mia ya Mwalimu Tak

Bango lilitundikwa langoni mwa shule hata kabla Narae hajamaliza kulia: WAHITIMU WETU WOTE WAMEPATA CHUO. ASILIMIA MIA! Katika miji midogo ya Jeolla, kusini mwa Korea, shule hupimwa kwa idadi ya vijana inaowaingiza chuoni, na mwalimu mkuu aliyepungukiwa huona haya hata kwenda sokoni.

Narae alitaka kusomea udaktari wa mifugo, Seoul, na mtihani wa Novemba aliufanya vizuri ajabu. Alama zilitosha na kubaki. Lakini Septemba, wakati wa maombi ya mapema, Mwalimu Tak wa darasa lake alikuwa amemsihi aombe pia chuo cha hapo mjini, idara ya utalii. Na sheria ya Korea haina huruma: ukikubaliwa mapema popote, huruhusiwi tena kuomba kwa alama za mtihani mwaka huo, hata ukiikataa nafasi.

"Ya nini, Mwalimu?" Narae aliuliza siku ile.

"Akiba tu, mwanangu. Ukiona mtihani umekwenda vizuri, huendi kwenye usaili, wanakufuta. Nimewahi kukudanganya mimi?"

Hakuwahi. Baba yake Narae alipofariki, Tak ndiye aliyemnunulia koti la baridi. Basi akaomba.

Usaili haukuwepo. Chuo kile kilichukua watu kwa alama za shuleni tu, na Desemba kikampokea kwa mikono miwili. Ndoto ya Seoul ikafa hapo.

Sasa Tak huyo huyo alikuwa amekaa kwenye duka la supu la mama yake Narae, mpole kama mkwe mpya. Bango lilijisifia waliokubaliwa, lakini wizara huhesabu waliojiandikisha.

"Jiandikishe tu, Narae. Ukiacha baadaye, shauri yako. Wenzako wote tayari, umebaki wewe."

"Kumbe mimi ndiye asilimia yako!"

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu! Ulijua hakuna usaili. Ulijua! Sijiandikishi. Nitarudia mtihani mwakani."

Tak alimtazama Mama, aliyekuwa akikatakata vitunguu vya majani bila kuinua uso.

"Usimfokee mwalimu wako," Mama alisema. "Mimi ndiye niliyemwomba akutafutie chuo cha kukushika hapa."

"Wewe?"

"Kaka yako alikwenda Seoul. Umemwona lini? Simu ya sikukuu, basi. Hapa chuo kipo, duka lipo, na mimi nipo."

Kumchukia Tak kulikuwa rahisi, Narae alishaanza. Lakini mama yake angemchukiaje, na angeachaje kumchukia?

"Mbona kila alfajiri ulipanda mlimani hekaluni?" aliuliza, sauti ikimkatika. "Akina mama wote walikuwa wanaombea mtihani. Ulisujudu mpaka magoti yakavimba, nikakukanda kwa maji ya moto. Ulikuwa unaomba nini, Mama?"

Mama aliweka kisu chini. Kusema uongo mbele ya mwanawe aliona kumemshinda.

"Niliomba ubaki."

"Basi hukujibiwa," Narae alisema, machozi yakimtiririka, akapanda chumbani juu ya duka kufunga nguo zake za safari.