Mla Watu Mwenye Kravati

Mjukuu wangu Léa alipotaka kuolewa na Élisée wa Beni, sura yangu ilikuwa imekwisha kufika Beni kabla yake, na haikuwa imefika kwa heshima.

Chanzo ni filamu. Jéthro, kijana wa huku kwetu Mususa anayepiga picha za harusi, alinijia msimu wa mvua akisema anatengeneza filamu ya kutisha juu ya mla watu. Alitafuta mzee mrefu, mwembamba, ambaye bado ana meno yake yote. Wazee wa namna hiyo si wengi Mususa.

"Koko Sikuli, ni weye tu," akasema, akiniita babu kama vijana wote wa huku. "Utavaa ngozi ya mbuzi, utashika mukuki, utanguruma kidogo."

Nilimkatalia palepale. Nilishona makoti ya watu mchana na kusoma masomo ya jioni hadi nikapata diploma yangu. Sikujisumbua vile ili nije kuvaa ngozi uzeeni. Tena filamu za aina hiyo nilizijua tangu zamani, zilipoonyeshwa kwenye vibanda vya video mjini. Wazungu wanapotea msituni, halafu watu weusi wasiosema hata neno moja wanawatia chunguni. Sisi tulijazana mle kwenye mabenchi, tukatazama tunavyotukanwa, tukapiga makofi.

"Kama nitakula mutu," nikamwambia Jéthro, "nitamukula mezani, na kravati kwa shingo."

Alinitazama, akacheka, kisha akaacha kucheka. Nikaona wazo limemwingia.

Huku kwetu watu wanaogopa sana sumu, ndiyo maana mwenye nyumba huonja chakula na kinywaji kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni atulie. Jéthro aliuchukua ustaarabu huo akaugeuza kuwa kitisho. Mla watu wake ni bwana aliyesoma, anayewakaribisha wasafiri kwake. Anakata kipande cha nyama, anakitafuna polepole, anatabasamu, anasema: "Angalieni, mimi nakula wa kwanza." Wageni wanatulia, wanakula, wanasinzia. Siku inayofuata wanafika wageni wengine, na wale wa jana ndio walioko kwenye sahani.

Tuliipiga sebuleni kwangu, kwenye meza yangu, mimi nikiwa na koti langu la kijivu nililolishona mwenyewe. Nyama ilikuwa ya ng'ombe na damu ilikuwa nyanya ya kopo. Nilicheza vizuri. Hilo si langu kulisema, lakini siku ya kuonyeshwa mama mmoja alikimbia akaacha kiatu. Baadaye filamu ikapita kutoka simu hadi simu, ikapanda njia ya Beni bila kuniuliza.

Basi ikafika siku ya wakwe kuja. Walikuwa watatu: Élisée mwenyewe, baba yake Ésaïe, mfanyabiashara wa kakao na mzee wa kanisa, na shangazi yake Jemima, mama mnene anayeongoza kwaya, mwenye sauti inayofika nje kabla hajafungua mlango. Maana ya ziara ile kila mtu aliijua. Wageni wa posa wakila kwako, mazungumzo yanaendelea. Wakiondoka bila kugusa sahani, wamemkataa binti, hata kama midomo yao imesema asante.

Asubuhi Léa alikuja kuninyooshea kola.

"Koko, nakuomba. Leo hapana fundisha batu. Bakule tu."

"Mimi nafundishaka nani?"

"Kila mutu, koko. Hata pasta."

Nilikuwa nimevaa koti la kijivu, kwa kuwa ndilo bora nililo nalo, na kravati. Wageni walipoingia, Ésaïe alinipa mkono, akalitazama koti, akatazama pazia, kisha meza. Mkono wake ukabaki ndani ya wangu kama samaki. Élisée akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Jemima peke yake alikaa katikati ya sofa, akaweka mkoba wake magotini na kunikazia macho.

"Njo ule ule wa filamu," akamnong'oneza kaka yake, kwa mnong'ono wa mtu wa kwaya. "Na pazia njo ile ile."

Tulizungumza habari za barabara, iliyokuwa shwari wiki ile, na za bei ya kakao, na za viazi vya Alimbongo. Wakati wote huo Ésaïe alikuwa akizungusha chupa yake ya Fanta bila kuinywa. Mwishowe akakohoa.

"Baba mukwe, mutanisamehe. Batoto kule Beni banaangaliaka filamu moja kwa telefone. Kuko mutu... mutu anafanana na mwiye."

"Ni mimi," nikasema.

"Aha."

"Ni mchezo tu, baba mukwe," nikaongeza. "Sanaa."

Ningeishia hapo, tungekuwa salama. Lakini mtu aliyesoma akiulizwa jambo analolijua, kunyamaza kunamuuma. Nikawaeleza kwamba kula watu si hadithi ya Waafrika tu. Nikawaambia kwamba mabaharia wa Ulaya, meli zikizama, walipiga kura katika mashua nani aliwe. Kwamba katika maduka ya dawa ya Ulaya zamani waliuza unga wa maiti zilizokaushwa za Misri, na wagonjwa wakaunywa, matajiri na wakubwa pia. Nikawakumbusha jinsi mama zetu, wakati wa Wabelgiji, walivyotukataza kutembea magharibi ikiingia, wakisema Mzungu anakamata watu, anawanenepesha, anawala. Wao waliandika vitabuni kwamba tunawala, na sisi tulinong'onezana jikoni kwamba wanatula.

"Kila mmoja alimwona mwenzake na chungu," nikamalizia, nikiwa nimeridhika.

Élisée alikuwa amekwisha kuvuta kiti hadi kizingitini.

"Munajua mambo mingi sana ya kukula batu, baba," akasema Jemima.

"Nilisoma."

"Tunaona."

Mke wangu Virginie akaingia na chakula, na Léa nyuma yake, macho chini. Kulikuwa na bugali, sombe ya majani ya muhogo, tilapia wa Kyavinyonge, na katikati sahani kubwa ya nyama ya mbuzi katika mchuzi mwekundu. Ésaïe akasali sala ndefu kuliko nilizowahi kusikia kwa mlo wa mchana. Alimwomba Mungu alinde kila kiungo cha kila mtu aliyekuwapo.

"Amina," tukasema.

Hakuna mkono uliosogea. Nikaona kidevu cha Léa kinaanza kutetemeka, na hapo nikasahau yote niliyoyasoma. Nilijua dawa moja tu ya mgeni mwenye hofu, ile niliyofundishwa na baba yangu. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikachukua kipande cha mbuzi, nikakitafuna polepole ili wote waone. Nikatabasamu kwa meno yote.

"Angalieni," nikasema, "mimi nakula wa kwanza."

Élisée alitoka nje.

Ésaïe hakutoka, kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa, ila alishika meza kwa mikono yote miwili. Léa akaweka bakuli la maji ya kunawia chini na kuanza kulia. Virginie akanigeukia.

"Sikuli! Mwaka mingi nakupikia, na leo njo unaniharibia mbuzi!"

"Nimefanya nini? Ni desturi!"

"Desturi na ile sura?"

Jemima akainua mkono, na kelele zikakatika kama anavyozikata kwaya.

"Baba mukwe, nikuulize. Ule mutu wa filamu, anakulaka wa kwanza kila siku?"

"Kila siku."

"Kuko mugeni hata moja alimutangulia kukula?"

Nikafikiri. Nikaipitisha filamu yote kichwani. "Hapana."

"Mais donc! Unaona!" Akaweka mkoba sakafuni, akanawa mikono kwenye bakuli la Léa, akasogea mpaka kwenye ile sahani kubwa. "Banasema mwenye kuonja njo anajua. Basi leo mimi njo nitaonja. Kama ni mutu, nitamusikia kwa ulimi."

"Dada, angalia," akasema Ésaïe.

"Weye nyamaza. Weye unaogopaka hata sinema ya Yesu."

Akachagua kipande kikubwa kuliko changu, akakitia mdomoni. Tukamtazama anavyotafuna. Alitafuna akiangalia dari, akatafuna akiniangalia mimi, akameza. Élisée alikuwa amechungulia dirishani.

"Ni mbuzi," akatangaza, na nadhani majirani walisikia. "Mbuzi dume. Na chumvi ni kidogo."

Virginie hapendi kuambiwa habari ya chumvi. Akaweka mikono kiunoni.

"Shangazi, hapa kwetu mwenye kuonja njo mwenye nyumba. Si ni vile?"

"Ni vile."

"Basi weye haiko mugeni tena. Masahani ya kuosha iko kule nyuma."

Ésaïe ndiye aliyeanza kucheka, kwanza puani, halafu tumbo zima likaingia kazini. Jemima akampiga begani kwa mkono wenye mchuzi. Kisha, kwa kuwa sasa nyumba ilikuwa yake, akaanza kugawa chakula kama mwenyewe: kaka yake paja, Virginie mbavu, na akamwita Élisée kupitia dirishani, "Ingia, mwoga! Mukwe haogopake sahani!" Akamkalisha Léa pembeni yake, akamfuta machozi, akamwekea samaki. "Mutoto yetu, kula," akamwambia. Léa aliposikia lile neno *yetu*, akanitazama, na nikajua kwamba posa imepita.

Mimi nilibaki nimesimama na koti langu. Jemima aligawa akizunguka meza, na kwa vile sikuwa tena mwenye nyumba, alinifikia mwisho. Katika sahani kubwa ulibaki mchuzi na mfupa mmoja. Nikakaa, nikalegeza kravati, nikaushika mfupa kwa mikono miwili na kuunyonya mpaka ukawa mweupe, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama.