Umekuja na Nani?

Springi ya saa niliyokuwa naitengeneza iliniruka jichoni miaka mitatu iliyopita, jicho la kulia, lile lile ninaloshikia kioo cha kukuzia. Kidonda kilipona, kovu likabaki, na tangu hapo kila gurudumu la saa naliona mawili. Miwani nimejaribu mpaka nikachoka. Daktari wa macho akasema kinachonifaa ni lenzi ngumu, ya kuvaliwa juu ya jicho lenyewe, ila kwanza nipimwe kikamilifu. Kupimwa tu ni bei ya saa tatu za mkononi, tena za maana. Lenzi, usiniulize.

Binti yangu, anayeishi mbali, alituma pesa zote kwa simu. "Baba, usiniletee ubishi. Nenda ukapimwe." Jumatatu nikaenda, nikalipa, nikapewa risiti iliyoandikwa kwamba pesa ikishapokelewa hairudi.

Dada wa mapokezi akaniuliza, "Mzee, umekuja na nani?"

"Na macho yangu. Ndiyo wagonjwa."

Hakucheka. "Tunaweka dawa ya kupanua mboni, na utaona ukungu kwa muda wa saa nne. Bila msindikizaji hatukuwekei. Rudi Ijumaa na mtu wako. Usipokuja, utalipa upya."

Mtu wangu! Nilitoka pale nimefura kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyenimalizia watu. Mke wangu nimemzika, huu mwaka wa sita. Na ndugu zangu tuligombania nyumba ya baba, na aliyeapa kwanza kwamba hatakanyaga kwa wenzake ni mimi.

"Basi chukua hata jirani," binti akasema kwenye simu.

Jumatano nikasimama mlangoni kwa jirani, mkono juu, tayari kubisha. Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja. Nakijua kikohozi chake, najua siku anazokaanga vitunguu, na jina lake silijui. Ningeanzaje? Nikaushusha mkono, nikarudi kwangu. Niliona aibu, na sikuwa na wa kumtupia lawama.

Ijumaa asubuhi nikamkodi dereva wa bodaboda pale kwenye kona, mtu mzima mwenye kitambi, wenzake humwita Redio kwa kuwa hanyamazi. Tukapatana bei ya kunipeleka, kuningoja na kunirudisha.

"Wewe ni nani yake?" dada wa mapokezi akamuuliza.

"Mwanawe wa kwanza," Redio akajibu, macho makavu.

Nilitaka kumkemea. Sikumkemea, kwa sababu lile neno lilinipendeza.

Redio akabaki kwenye benchi. Ndani, daktari akanivalisha lenzi ya majaribio. Machozi yakanitiririka, kisha herufi za ukutani zikatulia, kila moja peke yake, nikazisoma mpaka mstari wa chini kabisa. Yangu itakuwa tayari baada ya wiki mbili. Akaitoa, akanitia dawa, akachungulia mboni kwa taa yake.

"Ukungu ukiisha, mzee, endelea na shughuli zako kama kawaida."

Nje jua lilinichoma macho, sikuona kitu. Redio akanishika mkono.

"Ngazi hiyo, mzee. Nyingine. Hapa pana shimo, zunguka huku. Taratibu bwana, hatushindani na mtu!"

Kiganja chake kilikuwa kigumu, kinanuka petroli. Tangu siku ya mazishi hakuna aliyekuwa amenishika mkono hivyo. Nilitembea polepole kuliko nilivyohitaji.

Nyumbani akanifungulia mlango, akanikalisha kitini, akaniwekea maji karibu, akapokea malipo yake.

"Haya, mzee wangu. Na daktari kasemaje?"

"Kasema nisitembee peke yangu."

"Mpaka lini?"

"Mwezi mzima," nikadanganya, nikisubiri aseme bei.