Taa za Dashibodi ya Baba Mkwe

Mbaruku hakuwa na gereji, hakuwa na mchoro wa nyaya, wala heshima ya mkwewe, Mzee Jamali wa Ruangwa.

“Taa za dashibodi ya gari langu zikikushinda, namrudisha Shamimu nyumbani,” mzee alimwambia mbele ya wateja pale Nachingwea. “Sikumzaa aolewe na mshika bisibisi.”

“Acha ufunguo, baba. Matusi ondoka nayo.”

Mbaruku alipima. Umeme uliingia kwenye swichi ya kupunguza mwanga, lakini haukutoka. Akaunganisha waya unaoingia na unaotoka; dashibodi ikawaka. Basi swichi ndiyo iliyokufa. Akaweka nyingine.

Akamwandikia mzee: “Gari limepona. Tuma dereva. Wewe usikanyage hapa.”

Shamimu aliisoma barua, akaongeza jina lake mwenyewe chini, akafunga bahasha, akampa kondakta wa basi la Ruangwa.