Chef ni Mmoja

Mwanamume yule alitaka aitwe Chef, yaani mkubwa, hata na mke wake. Domitille, maskini, alikuwa anamwambia, "Chef, ugali umeiva," ndipo anageuka. Esperance alilisikia hilo kwa masikio yake siku alipopeleka mawese kwao, akacheka njia nzima. Loo, duniani kuna watu!

Jina lake hasa lilikuwa Akonkwa. Alitoka Bukavu vita vya Kongo vilipowafukuza watu, akakuta Burundi nayo inaungua, akabaki Rumonge kando ya ziwa kama wenzake. Alikuja na koti jeusi lenye mkia na kijiti cheupe cha kuongozea muziki. Eti amesomea Ubelgiji. Eti Kinshasa aliongoza ukumbi mzima wa fidla. Labda ni kweli. Sikio alikuwa nalo, hilo hata Esperance habishi: ukikosea noti moja nyuma ya wenzako wote, anakujua, na akikujua umekwisha. Adabu ndiyo hakuwa nayo.

Kanisa lilikuwa na fanfare yake: tarumbeta chache, ngoma, klarineti ya Esperance, na lile pembe kubwa la besi alilopuliza mume wake Kabwe, fundi cherehani. Walipiga kwenye harusi na mazishi, watu wakacheza au wakalia, basi. Akonkwa akaibatiza Orchestre Philharmonique. Mjini watu waliposikia orchestre wakajua rumba imefika. Siku ya kwanza walikuja wamevaa vya kudansi, na Chausiku muuza samaki wa ndagala akauliza kwa sauti, "Mbona gita haiko?" Akonkwa akasimamisha muziki, akawaita washenzi, akatoka zake. Tangu siku hiyo Esperance alimdharau, tena kwa raha.

Mazoezini ndiyo usiseme. Wimbo wake alioupenda ulikuwa na mahali ambapo noti ya si inashushwa kidogo, ndiyo bemol. Akonkwa akapaza sauti, "Si bemol!" Mulamba wa tarumbeta, mtu mtii, akaipandisha. "Si bemol!" Mulamba akaipandisha tena. "Wewe ni kiziwi?"

"Chef, umesema si bemol. Na mimi sipigi bemol."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Akonkwa alikaribia kulia kwa hasira, akawaambia wote warudi kulima mihogo, na Kabwe akapige cherehani. Kabwe naye alicheka tu.

"Baba Keren, anakutukana na wewe unacheka?" Esperance alimuuliza mume wake nyumbani.

"Mwache. Anatupigisha vizuri."

Jibu hilo lilimkera kuliko matusi.

Ndipo ukaja mwaliko wa Bujumbura, sherehe ya kuombea amani, na mabalozi watakuwepo. Akonkwa akaanza kuongea habari za Ulaya kana kwamba mizigo iko mlangoni. Lakini barabara ya Bujumbura nani hakuijua? Pale Muhuta watu wenye bunduki walikuwa wanateremka mlimani, wanasimamisha magari, na katika kila gari wanachukua mkubwa wake. Wadogo wanaachiwa. Wakubwa hawakurudi hata mmoja. Esperance alimwomba mume wake asiende. Kabwe akasema bila besi muziki utaanguka. Basi Esperance naye akapanda gari, kwa sababu hakuweza kumwachia mjinga yule mume wake.

Ubavuni mwa basi dogo Akonkwa alifunga kitambaa chenye herufi kubwa: ORCHESTRE PHILHARMONIQUE NA CHEF D'ORCHESTRE WAKE, yaani yeye mwenye kuongoza muziki.

"Chef, tutoe hii maneno," dereva Zakaria alimsihi. "Barabara iko mubaya."

"Waache wasome."

"Basi weka na jina."

"Jina la nini? Chef ni mmoja."

Walisimamishwa baada tu ya Muhuta, ziwa kushoto, mlima kulia. Mkubwa wa wale wenye bunduki alikuwa mtu mzima mwenye miwani. Alikisoma kitambaa polepole.

"Amahoro, chef," Zakaria alimsalimu kwa Kirundi.

"Chef ni mimi? Hapa mumeandika iko ndani." Akawageukia wenzake. "Redio kila siku inasema hii mauaji iko na chef d'orchestre wake, ule mwenye kuipanga, ile ingine iko na wake. Kumbe anatembea na bisi!" Wakacheka. Yeye hakucheka. "Ashuke."

Hakuna aliyeshuka. Akonkwa alikuwa amekwisha vua koti, amelikalia, na kijiti amekisukumiza ndani ya soksi. Mwenye miwani alipouliza mara ya pili, Akonkwa alinyoosha kidole, taratibu kabisa, akamwonyesha Kabwe.

"Ni huyu," alisema. "Mimi nabeba vyombo tu."

"Mwongo!" Esperance aliruka. "Ni yeye! Chef ni yeye, mwoga mkubwa!"

"Na wewe ni nani?"

"Mke wake huyu," alijibu, amemshika Kabwe.

"Basi ungesema nini kingine?"

Wengine walikuwa wameinamisha vichwa. Akonkwa akatikisa kichwa kwa huzuni, eti anamhurumia. "Mama, tusiwadanganye wakubwa," alisema. Esperance angemng'oa macho kama si bunduki.

"Shukeni na vyombo," mwenye miwani aliamua. "Mutapiga, na huyu ataongoza. Tutaona kama ni chef."

Wakamsimamisha Kabwe mbele, mikono mitupu. Akainua mikono yake ya cherehani, akaipungapunga hewani. Na wimbo ukatoka. Ukatoka sawasawa, hata bila besi, kila mtu mahali pake, maana Akonkwa alikuwa ameupigilia vichwani mwao mpaka walikuwa wanaupiga hata usingizini. Mwenye miwani akaanza kutikisa kichwa. "Ehe. Ni yeye."

Hapo Esperance akaelewa. Mungu wangu, walikuwa wanamuua Kabwe kwa kupiga vizuri.

Walipofika kwenye ile si, Esperance akaipandisha. Haikuwa bahati mbaya. Aliipandisha na kuivuta, imeoza, huku anamtazama Akonkwa usoni. Mulamba alimtupia jicho, akaelewa, akaipandisha na yeye. Wimbo ukageuka kelele ya mbuzi. Wenye bunduki wakaanza kucheka, Kabwe akapotea kabisa, na Akonkwa, pale pembeni, akafumba macho. Mshipa wa shingo ukamsimama. Vidole vikaanza kumcheza. Esperance akaongeza pumzi. Alikuwa anamjua: mtu yule anaweza kumuuza jirani yake bila kupepesa, lakini noti mbovu hawezi kuivumilia.

"Si bemol!"

Esperance akaishikilia noti ileile.

"Si bemol, washenzi nyinyi! Bemol! Shusha!" Alikwisha fika mbele, amemsukuma Kabwe kwa bega, kijiti kimetoka kwenye soksi na kiko juu. Hapo wote wakanyamaza, na Esperance akaona kwenye uso wake kwamba ameelewa alichofanya. Mwenye miwani alikuwa anatabasamu. Kijiti hakikushuka.

"Mwanzo," Akonkwa alisema.

Kabwe akachukua besi yake, wakapiga. Esperance alitaka kutema mate, lakini mkono ule ukiwa juu, vidole vyake vilikataa kukosea. Walikuwa hawajawahi kupiga namna ile, si kanisani, si popote, na jambo hilo lilimchukiza mpaka rohoni.

"Inatosha," mwenye miwani alisema.

"Bado," Akonkwa alijibu bila kugeuka. "Mwishoni klarineti imechelewa."

Wakamshika mikono. Alipanda nao mlimani katikati ya michikichi, bado analalamika, mpaka hawakumsikia tena.

Basi liligeuza kurudi Rumonge. Hakuna aliyesema atamwambia nini Domitille. Kabwe alikuwa ameipakata besi yake, na Esperance amemshika mkono kwa nguvu asije akachukuliwa tena. Walikuwa wamefika karibu na Magara Kabwe alipofungua mdomo.

"Mama Keren. Ni kweli ulichelewa?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwa Esperance: mtu yule alikuwa mwongo na mwoga, na hata leo amedanganya. Alimtazama mume wake, mzima, anapumua.

"Nilichelewa," alisema, na hasira ikampanda mpaka akalia.