Makoti Manne, Wajasiriamali Tisa

Mjomba wake Pasi alioa mara nne, na kila ndoa aliishonea koti jipya lenye bitana nyekundu. Ndoa hazikudumu, makoti yakadumu. Alipochoka kuyatazama aliyafunga kwenye shuka akampa mpwa wake aliyekuwa anaanza chuo kikuu.

"Chukua, mama," alimwambia. "Huenda kwako yakaleta heri. Mimi yamenimaliza."

Pasi alikuwa anasoma hisabati, na hakuwa mtu wa kuacha kitu kilale bure. Mwaka wa pili haujaisha, kila mwanafunzi aliyeitwa kwenye usaili, au aliyetakiwa kwenda kujionyesha kwa wakwe, alijua mlango wa kugonga. Ulilipa kidogo, ukaacha kitambulisho chako, ukapewa koti lililonyooshwa mpaka likasimama lenyewe. Ndipo alipopata jina la Pasi, na la kwenye cheti likasahaulika.

Basi chuo kikatangaza kwamba Bibi Sare, mama aliyetajirika kwa kushona sare za shule, ametoa fungu la kuwasaidia wanafunzi kuanzisha biashara wakiwa bado wanasoma. Pasi akajaza fomu, akaipeleka ghorofa ya tatu kwa Mratibu wa Ujasiriamali, bwana mmoja mwembamba mwenye maneno manene. Mratibu aliisoma akiwa amesimama.

"Binti, mfadhili anataka ubunifu. Anataka kuona kesho. Wewe unaniletea nguo kuukuu."

"Ni biashara, mwalimu. Ina wateja."

"Hata kinyozi ana wateja." Akaandika kwa wino mwekundu: *Wazo halina ubunifu*.

Pasi alishuka ngazi. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya makoti ishirini, magauni kumi na tano na kabati lenye kufuli. Lakini hakulia. Alikwenda bombani, akanawa uso, akarudi darasani.

Wiki mbili baadaye, wanafunzi tisa waliochaguliwa walipokea barua: watasimama mbele ya mfadhili Ijumaa, kila mmoja dakika saba, na mavazi rasmi ni lazima. Kufika jioni, wote tisa walikuwa wamepanga foleni kwenye mlango wa Pasi. Aliwasikiliza kwa upole wa mtu anayefurahi kimoyomoyo.

"Makoti ni manne, na nyinyi ni tisa," alisema. "Lakini hamsimami wote mara moja. Mtapokezana nyuma ya pazia."

Ijumaa asubuhi akaja mteja wa kumi. Alikohoa kwanza, akatazama kushoto na kulia kwenye korido.

"Dobi ameniunguzia koti," Mratibu alinong'ona. "Hili jambo libaki kati yetu."

"Bila shaka, mwalimu. Kitambulisho tafadhali."

Mratibu alimtazama, akatazama saa yake, akakitoa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ukumbi ulikuwa umepakwa rangi upya, na hata feni iliyokufa zamani ilizunguka siku hiyo. Nyuma ya pazia Pasi alikuwa na pasi ya umeme, kisanduku cha pini na ratiba aliyoichora kwa rula. Makoti yalikuwa yamebaki matatu. Wembamba aliwabana mgongoni kwa pini, akawaonya, "Usigeuke. Hata ukumbi ukishika moto, toka kinyumenyume." Mmoja alikuwa mrefu mno, mikono ya koti ikamwishia karibu na kiwiko. Huyo aliambiwa aweke mikono nyuma kama mtu anayewaza mambo mazito.

Wa kwanza, binti wa mtambo wa kupima maji ya tangi, alitoka vizuri. Wa pili na wa tatu pia. Bibi Sare alikaa mstari wa mbele, kimya, mkoba mapajani. Alipotoka wa nne, mama alivaa miwani. Alipotoka wa tano, mama alisogea ukingoni mwa kiti. Wa sita alikuwa kijana wa programu ya simu inayowakumbusha watu kunywa maji. Alikuwa amefika kwenye mchoro wa tatu pale mama alipoinua kidole.

"Samahani, mwanangu. Hebu geuka."

Kijana akaganda. "Nigeuke, mama?"

"Kidogo tu."

Ukumbi mzima ukaona pini saba zimejipanga mgongoni mwake kama miiba ya nungunungu. Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele.

"Hilo koti ni la nani?"

"La kwangu, mama."

"Na yule binti wa kwanza aliyelivaa?"

"Ni... ni ndugu yangu."

"Na huyu wa nne, mwenye mwili?"

"Familia yetu ni kubwa."

Mratibu akaruka kuokoa jahazi. Aliinua mikono kutuliza watu, na hapo bitana ya koti lake ikachungulia kwapani, nyekundu, ileile iliyokuwa kwapani mwa kijana. Bibi Sare alimtazama juu mpaka chini.

"Ala. Kumbe na Mratibu ni wa ukoo."

Nyuma ya pazia, Pasi alitamani ardhi ipasuke. Alijua amewaaibisha rafiki zake, na kijana wa maji angemchukia mpaka mahafali. Alikuwa bado ana pini mdomoni pazia lilipofunuliwa, na Bibi Sare akaingia peke yake.

"Toa hizo pini, utameza. Una makoti mangapi?"

"Manne, bibi."

"Na wateja leo?"

"Kumi."

"Wakichana koti je? Wakitoweka nalo?"

"Nakaa na vitambulisho vyao." Aliingiza mkono mfukoni akavitoa. Cha juu kabisa kilikuwa na picha ya Mratibu, akitabasamu. Midomo ya Bibi Sare ilicheza kidogo.

"Kwa nini hukuomba fungu langu?"

"Niliomba. Niliambiwa wazo langu halina ubunifu."

Mama akalishika koti lililokuwa mezani, akapitisha kidole gumba juu ya kiraka cha kwenye kola. "Huu mshono uliuweka wewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Ni aibu tupu."

"Najua, bibi. Lakini kutoka mstari wa pili hauonekani."

"Mimi nilikaa wa kwanza," alijibu Bibi Sare, kisha akacheka mpaka akashika meza.

Mashindano yaliendelea, maana mama alisema watu watatu wa mwisho wana haki yao. Binti wa tangi alishinda, na alistahili. Lakini mwishoni Bibi Sare alisimama, akaomba aongeze jina moja kwa hiari yake. Alitaka msichana wa makoti apewe chumba cha kufanyia kazi hapohapo chuoni, na likizo nzima akajifunze kushona kwenye kiwanda chake. Chumba pekee kilichokuwa wazi kilikuwa stoo, ukuta kwa ukuta na ofisi ya Mratibu. Mratibu aliitangaza habari hiyo mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyeiota yeye, na akapigiwa makofi.

Kijana wa maji alinuna siku tisa. Siku ya kumi alisimama mlangoni mwa stoo.

"Programu yangu imepata watu mia nane," alisema. "Video ya ukumbini imesambaa, sasa wanaitafuta wamwone mtu wa pini."

"Kwa hiyo umekuja kunishukuru?"

"Hapana. Nimekuja kukusaidia kuhamisha haya mabunda ya zamani ya stoo." Akabeba bunda la kwanza kabla hajajibiwa.

Likizo ilipofika, Pasi alikaa mbele ya cherehani katikati ya mafundi arobaini waliomwita Profesa. Kupachika mkono wa koti kulimshinda. Aliupachika ukakunjamana, akaufumua, akaupachika tena ukatazama nyuma. Hesabu zote alizozijua hazikumsaidia, na siku ya nne vidole vilimvimba. Bibi Sare alipita kila mchana, akavuta mshono, akatikisa kichwa, akaenda zake bila neno.

Jumamosi ya tatu mkono ulikaa. Pasi aliutazama asiamini, akaugeuza ndani na nje. Bibi Sare akaja, akauvuta, akauvuta tena kwa nguvu zaidi.

"Vaa," alisema.

Pasi akavaa, akainua mkono juu, akaushusha. Koti lilitulia begani. Fundi wa jirani alisimamisha cherehani yake atazame.

"Haya," alisema Bibi Sare, akimsogezea kitambaa kingine. "Bado wa kushoto."