Nani Afungue Kitambaa

Pindo alikuwa amelala chali chini ya meza, misumari kumi na mmoja mdomoni, ndipo shemeji yake Chaki alipoona huo ndio wakati mzuri wa kumwuliza swali.

"Hivi shemeji, hili doa la wino utalifanyaje?"

"Mmm," alisema Pindo.

"Maana limekaa pabaya. Mtu akiingia tu, linamkodolea macho."

"Mm-mm."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Pindo akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja, kama anayetema mbegu za chungwa. "Shemeji, vuta kitambaa. Doa lina kazi yake. Wewe yako ni kuvuta."

Chaki akavuta. Alikuwa mwangalizi wa ukumbi, mwembamba kama fimbo za biliadi anazozitunza, na vumbi la chaki ya buluu lilikuwa limemwingia kwenye vidole na masikio, mpaka mkewe, dada yake Pindo, alikuwa akiapa kwamba hata jasho lake ni la buluu. Pindo mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa barazani mwa ukumbi huo huo, na miaka kumi na tisa ya kupinda suruali za watu ndiyo iliyompa jina.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa sita Bwana Muhuri angefika na gari.

Bwana Muhuri alikuwa mkaguzi wa mali za baraza la mji. Mali yoyote iliyoandikwa katika daftari la baraza, yeye ndiye aliyekuwa akisema nzima au mbovu. Akigonga muhuri wa "mbovu", kitu kinaondolewa. Kinakwenda wapi, hilo halikuandikwa daftarini, lakini mji una macho. Viti vibovu vya zahanati vilionekana vikikaliwa na wateja katika mkahawa wa shemeji yake Muhuri. Feni mbovu ya maktaba ilikuwa ikizunguka vizuri sana chumbani kwa mama mkwe wake. Na sasa alikuwa anajenga nyumba, na waashi walisema sebuleni ameacha ukuta mmoja bila kuujenga. Kuna kitu kipana kinasubiriwa kupita.

Mwezi uliotangulia alikuja ukumbini, akaizunguka meza mara mbili, akatia kidole katika tundu la kitambaa kilichochakaa na kulichana hadi likawa mdomo. "Mbovu," akasema. "Nitarudi Alhamisi ya mwisho wa mwezi kuithibitisha. Na ukumbi usio na shughuli nao unafungwa. Ndivyo sheria inavyosema."

Kwa hiyo meza ikiondoka, ukumbi unafungwa. Ukumbi ukifungwa, Chaki hana kazi, waoka mikate wa zamu ya alfajiri hawana pa kunyoosha migongo, na cherehani ya Pindo haina baraza. Lakini si hayo yaliyomkosesha Pindo usingizi. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa meza yenyewe.

Ilikuwa meza ya biliadi ya zamani, miguu minane minene, na chini ya kitambaa mabamba matatu ya jiwe, lile jiwe jeusi la vibao walivyoandikia watoto wa shule wa zamani. Siku ilipoingizwa humo, wazee husema, wachukuzi walikuwa kumi na wanane, na walipoitua, saa ya ukutani ilisimama kwa kishindo na haijatembea hadi leo. Saa kweli imesimama. Hayo mengine waulizwe wazee.

Kabla ya hapo meza ilikuwa katika klabu ya mameneja wa kiwanda, na baba yake Pindo alikuwa mwandika alama wao. Miaka thelathini na mmoja alisimama ukutani kwa glavu nyeupe, akihesabu pointi kwa sauti, akichomoa mipira mashimoni, akifuta fimbo ambazo hakuruhusiwa kuzipiga. "Walikuwa wakigonganisha meno ya tembo, mwanangu," alimwambia Pindo akiwa mdogo. "Mipira ile ya zamani ilichongwa kwenye pembe. Mnyama mzima anaanguka porini ili bwana mmoja asikie *tak*." Kitambaa kilipochakaa, ni yeye aliyetandika kipya, siku nzima kwa magoti. Akimaliza, meneja mkuu anaitwa kutoka kwenye kiti chake, anapewa fimbo, anapiga mpira wa kwanza, watu wanapiga makofi. Hiyo iliitwa kufungua kitambaa, na mfunguaji alikuwa mkubwa kuliko wote waliomo.

Kiwanda kilipofungwa, mameneja waliondoka na vijiko, mapazia na hata vitasa vya milango. Meza iliwashinda uzito. Wafanyakazi wakaibeba hadi ukumbini kwao, na kwa kuwa jengo lilikuwa la baraza la mji, kilichomo chote kikaandikwa daftarini. Baba aliendelea kutandika hadi macho yalipomwishia. Lakini mazoea yana tabu: kila alipomaliza kitambaa kipya, alimtafuta mkubwa yeyote aliyekuwapo, mwenyekiti, diwani, hata mpima mita za maji, akamkabidhi fimbo kwa mikono miwili. Yeye mwenyewe alikufa hajapiga mpira hata mmoja mbele ya watu.

Mikono ya kutandika akamrithisha binti yake Pindo.

Tatizo lilikuwa kitambaa. Pindo alikwenda kwa muuza vitambaa, akaulizia sufu ya kijani, nzito, pana, isiyo na mshono. Muuza vitambaa alitaja bei. Pindo akamwomba arudie, akidhani ametajiwa nambari ya simu.

"Ndiyo bei, dada. Mwezi ujao itakuwa imepanda."

"Ipande mpaka wapi? Huko juu iliko si itakosa hewa?"

Akarudi mikono mitupu. Siku tisa baadaye aliingia ukumbini na furushi kubwa kichwani, la kijani. Kalipata wapi, hilo hakumwambia hata Chaki.

Kufikia saa tano na nusu, mabamba ya jiwe yalikuwa yamezibwa maungio kwa nta, kitambaa kimevutwa kikawa kama ngozi ya ngoma, na Pindo alikuwa anakipiga brashi, akianza upande wa doa na kuishia upande wa pili, tena na tena, bila kurudisha mkono nyuma. Waoka mikate sita walikuwa wameketi kwenye mabenchi, unga ungali kwenye nyusi.

"Shangazi," mmoja wao akasema, "hiyo ni meza au unamchana bibi harusi?"

"Bibi harusi angekuwa amekwisha kulia. Nyamaza, usinipulizie unga."

Gari likasikika nje. Lilikuwa lori. Bwana Muhuri alikuwa amekuja kuthibitisha, lakini na wapakiaji kabisa.

Aliingia akiwa na mkoba kwapani na pimamaji ya fundi mwashi mkononi. Alipoiona meza alisita, kama mtu aliyefika matangani akamkuta marehemu anakula.

"Nani kawaruhusu kugusa mali ya baraza?"

"Hatujaigusa, bwana mkubwa," Chaki akasema. "Tumeivisha nguo."

"Nguo haimponyi mgonjwa." Akaweka pimamaji juu ya ukingo wa mbao. Povu la ndani ya kichupa chake likakimbilia kushoto. Akatabasamu. "Mmeona? Imelala upande. Mbovu."

"Mipira inapita hapo, bwana mkubwa?" Pindo akauliza.

"Nini?"

"Hapo ulipopima ni mbao, na mbao imevimba kwa unyevu. Mipira haitembei juu ya mbao. Weka kwenye kitambaa."

Waoka mikate walikuwa wamesimama. Bwana Muhuri akaiweka pimamaji katikati ya meza. Povu likatembea kidogo, likafikiri, likatulia kati ya mistari miwili. Akaigeuza. Likatulia pale pale. Akaisogeza pembeni, kwenye kona, kwenye kona nyingine. Povu lilikuwa limeshajifunza njia.

"Pimamaji hii ya kuazima," akasema. "Nipe mpira."

Akachukua mpira mweupe, akausukuma taratibu kutoka upande usio na doa, kimshazari. Mpira ukaenda, ukapunguza mwendo, halafu mbele ya macho ya wote ukapinda kama mlevi anayeikwepa nyumba ya mdai wake. Bwana Muhuri akapiga makofi mara moja.

"Umepinda! Macho yenu yote yameona! Wapakiaji, ingieni!"

Wapakiaji wawili wakachungulia mlangoni. Chaki akamtazama shemeji yake, uso wote umekuwa rangi ya vidole.

Pindo hakuharakisha. "Bwana mkubwa, una paka nyumbani?"

"Paka?"

"Ukimpapasa kuanzia kichwani kwenda mkiani, inakuwaje?"

"Ana... analala. Mama, usinichezee."

"Na kuanzia mkiani kwenda kichwani?"

Mwoka mikate mmoja akadakia, "Anakuuma!"

"Sufu ina vinyweleo, na vinyweleo vimelalia upande mmoja. Wewe umepapasa kutoka mkiani, ndiyo maana kitambaa kimekuuma. Baba yangu aliwafundisha mameneja hilo kwa miaka thelathini na mmoja. Waliokuwa wakubwa kukupita walilielewa. Njoo kichwani, hapa penye doa. Polepole unavyotaka."

Akaja. Kukataa kungeonekana ni woga, na wapakiaji wake mwenyewe walikuwa wamekaza macho. Akasukuma mpira polepole kuliko mara ya kwanza, kwa makusudi, ili upate nafasi ya kukosea. Mpira ukatambaa. Ukatambaa kiasi cha mwoka mikate mmoja kunong'ona kwamba angeweza kuoka mkate na kurudi. Ulipita katikati, ukapita juu ya maungio ya mawe bila hata kurukaruka, ukafika ukingo wa mwisho, ukaugusa kwa adabu na kuishiwa pumzi hapo hapo.

Ukumbi ukalipuka. Bwana Muhuri hakusikia makelele. Alikuwa ameinama, anatazama doa la wino lililokuwa chini ya mkono wake. Lilikuwa doa la umbo la kiatu, na kisigino chake kilikuwa na mkia. Akainuka polepole, na furaha ikaanza kumrudia usoni.

"Kitambaa hiki nakijua."

"Nilijua utakijua."

"Hiki ni kitambaa cha meza ya mikutano ya baraza! Wino huu aliumwaga mwenyekiti mwenyewe, nikiwa nimeketi karibu naye! Mali ya serikali! Mama, huu ni wizi, na wizi huu una mashahidi kumi!"

Chaki akajishikilia kwenye meza. Hata mwoka mikate mwenye mdomo mrefu aliufunga.

Pindo akafungua fundo la kanga kiunoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakumpa. Aliikunjua, akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari, kwa mwendo ule ule baba yake aliohesabia pointi.

"'Kitambaa cha kijani, kizito, kirefu. Idadi: kimoja. Hali: kibovu, hakifai kwa matumizi yoyote. Kitupwe, au apewe yeyote atakayekitaka kwa kupigia deki.'" Akainua macho. "Mlipoletewa meza ya kioo, mtunza stoo aliniita nichukue matambara. Nikamwambia, bila karatasi sibebi hata uzi. Sahihi hii ni ya nani, bwana mkubwa?"

Bwana Muhuri aliitazama. Muhuri ulikuwa wa zambarau, umegongwa kwa nguvu, mviringo, hata meno yake yanahesabika.

"Nasema kama tumekosea," Pindo akaendelea, "tukaliulize baraza. Twende wote, na karatasi hii. Labda watataka kuona na karatasi nyingine za vitu vibovu. Viti. Feni. Wapime kama na huko kuna kibovu kinachotembea vizuri namna hii."

Mpakiaji mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mwenzake hakujisumbua kukohoa.

Bwana Muhuri akafungua mkoba. Alichukua muda mrefu kutafuta kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati lake. Aliandika "nzima" kwa herufi ndogo sana, pengine akitumaini hazitasomeka, lakini Chaki alisimama begani kwake. "Na muhuri, bwana mkubwa," akamkumbusha. Muhuri ukagongwa. *Tak.*

Hapo ndipo mtu aliyekwisha kushindwa alipofanya kosa lake la mwisho. Alikuwa mtu wa hafla, amekata tepe nyingi maishani, na miaka hiyo yote ya ukubwa ilikuwa imemfundisha jambo moja tu: kwamba kitu kikiwa kipya, anayekizindua ni yeye. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akanyoosha mkono kwa Chaki bila hata kumtazama.

"Haya. Lete fimbo nikifungue."

Chaki alichukua fimbo ukutani. Aliifuta kwa kitambaa kutoka kitakoni hadi kichwani, akaipaka chaki ncha, akaipuliza. Kisha akaibeba kwa mikono miwili, akapita mbele ya mkono ule ulionyooshwa, akaendelea kupita, akazunguka meza nzima, akasimama mbele ya shemeji yake.

"Mkubwa kuliko wote waliomo," akasema.

Pindo aliiangalia fimbo. Magoti yake yalikuwa na alama za sakafu. Tangu utotoni alikuwa ameshika kila kitu cha meza hii, misumari yake, nta yake, brashi yake, jiwe lake tupu. Fimbo hakuwahi.

"Sijui kupiga, shemeji."

"Hata wao walikuwa hawajui," Chaki akajibu. "Tulikuwa tunawapigia makofi tu."

Akaipokea. Akauweka mpira mweupe juu ya doa, pale hasa kwenye kisigino. Akainama kama alivyokuwa akiwaona wakiinama, jicho moja limefungwa, ulimi nje kidogo kama anapopitisha uzi kwenye sindano. Waoka mikate wakaacha kupumua. Nje, dereva wa lori akawasha injini, akaizima tena, akashuka kuja kuona.

Pindo akapiga.